Kuchambua migusano ya residyu katika protini: mwongozo kamili kwa mfano wa hemoglobini

Hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu katika kila mnyororo wa beta: nafasi ya 6, palipokuwa na glutamati, pana valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo mwaka 1957. Miaka mitatu kabla yake, A. C. Allison alikuwa ameeleza kwa nini kinasaba hicho kimejaa pwani ya Afrika Mashariki na kando ya Ziwa Victoria huku kikiwa haba nyanda za juu: malaria. Kwa anayesoma baiolojia, famasia au udaktari Mwanza, hakuna protini ya kujifunzia iliyo karibu na nyumbani kuliko hii, na ndiyo tutakayoitumia mwanzo hadi mwisho.

Swali letu ni dogo: residyu ipi inagusana na ipi? Residyu ni asidi amino ikishaunganishwa kwenye mnyororo. Swali ni jepesi kuuliza, ila majibu yake hubadilika kulingana na maamuzi matatu ambayo wengi huyafanya bila kujua kwamba wameyafanya.

Amua kwanza mgusano ni nini

Ndani ya faili la protini hakuna mstari unaosema "hizi mbili zinagusana". Kuna viwianishi vya atomu tu: x, y na z, kwa kipimo cha angstromu (Å), ambapo Å 10 ni nanomita 1. Mgusano unautangaza wewe kwa kuweka kikomo cha umbali. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni kupima Cα hadi Cα, yaani kaboni kuu ya kila residyu, kwa kikomo cha Å 8 hivi. Ni nyepesi, na inafanya kazi hata kwenye miundo hafifu ambayo minyororo yake ya pembeni, yaani sehemu inayoitofautisha asidi amino moja na nyingine, haikuonekana vizuri. Ya pili ni Cβ hadi Cβ, yaani kaboni ya kwanza ya mnyororo wa pembeni, kwa Å 8. Hii ndiyo iliyozoeleka katika mashindano ya CASP ya kutabiri miundo ya protini. Glaisini haina Cβ, kwa hiyo hapo unatumia Cα yake. Usipoliandika hilo kwenye programu, glaisini zote zitatoweka kimyakimya na hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Ya tatu ni kupima atomu nzito zote, yaani zote isipokuwa hidrojeni, na kuhesabu mgusano pale jozi yoyote inapokaribiana chini ya Å 4.5, au 5 kwa wengine.

Tofauti ya njia hizi unaweza kuiona kwenye mawe ya Mwanza. Mawe mawili makubwa yaliyobebana, ukipima toka kitovu cha moja hadi kitovu cha jingine, unaweza kupata mita 8, na yamegusana barabara. Kokoto mbili zenye vitovu vilivyoachana mita 8 hazijuani kabisa. Triptofani ni jiwe kubwa, glaisini ni kokoto. Kipimo cha Cα kinazitendea sawa. Ndiyo maana ukitaka kujua nani anamshika nani, hasa kati ya mnyororo na mnyororo, tumia atomu nzito. Cα na Cβ ziache kwa kazi za umbo la jumla.

Kuhusu ukubwa wa kikomo: ukiweka Å 10 au 12 kwa atomu nzito umeshusha kokoro. Utazoa kila kitu, wakubwa kwa wachanga, na orodha yako haitakuambia lolote. Ukiweka Å 3.5, utabakiwa na bondi za hidrojeni na madaraja ya chumvi (mvutano wa chaji chanya na hasi), ila migusano ya residyu zinazokwepa maji itapita karibu yote, kwa sababu kaboni na kaboni hukaa kwenye Å 3.5 hadi 4.2 hivi zikiwa zimegusana kikamilifu. Å 4.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Rudia hesabu kwa 4.0 na 5.0. Hitimisho lako likigeuka kabisa kwa nusu angstromu, tatizo ni hitimisho.

Vifaa na mafaili

Kompyuta ya GB 4 za RAM inatosha. Pakua kila kitu siku mtandao ukiwa mzuri, maana baada ya hapo kazi yote inaendelea bila intaneti. Weka Python 3, kisha andika:

pip install biopython matplotlib

Miundo ya protini hutunzwa kwenye hazina ya PDB iliyoanzishwa mwaka 1971, na kila muundo una msimbo wa herufi nne. Tunahitaji mitatu: 4HHB, hemoglobini ya binadamu isiyobeba oksijeni, ya rezolusheni (undani unaoonekana) ya Å 1.74; 1HHO, ile iliyobeba oksijeni, ya Å 2.1; na 2HBS, hemoglobini ya selimundu isiyobeba oksijeni, ya Å 2.05. Anwani ni files.rcsb.org/download/4HHB.cif, na 2HBS kwa mtindo huohuo. Kwa 1HHO usichukue faili la kawaida, chukua 1HHO-assembly1.cif. Sababu inakuja.

Chagua mafaili yenye mkia wa .cif badala ya .pdb ya zamani. Muundo wa .pdb hutegemea safu zisizobadilika: x inakaa safu ya 31 hadi 38, y 39 hadi 46, z 47 hadi 54. Mtu akilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na kusogeza nafasi moja, namba zote zinaharibika. Kuligawa kwa nafasi tupu nako ni hatari, kwani namba mbili ndefu zinaweza kushikana bila nafasi katikati.

Soma faili kabla ya kuhesabu

Hatua hii huchukua dakika kumi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Anza na minyororo. 4HHB ina minne: A na C ni alfa, zenye residyu 141 kila moja, B na D ni beta, zenye 146. Zaidi ya hiyo kuna hemu nne, yaani vikundi vyenye chuma vinavyobeba oksijeni, na maji. Maji yakiingia kwenye hesabu, orodha hujaa "migusano" isiyo na maana kwa swali letu. Hemu ni suala jingine: kwa kazi ya protini kwa protini iache, lakini ukitaka kuona histidini 87 ya alfa au 92 ya beta inavyoshika chuma cha hemu, iruhusu. Tahadhari: Biopython, maktaba ya Python tutakayosomea mafaili haya, huweka alama ya ugeni kwa chochote kisicho asidi amino ya kawaida. Selenomethionini, ambayo watafiti huiingiza makusudi badala ya methionini ili kurahisisha kazi ya kupima muundo kwa eksirei kwenye fuwele za protini, nayo huonekana mgeni, na ukichuja wageni wote unaondoa kipande halali cha protini.

Pili, residyu zisizoonekana. Ncha na vitanzi vinavyochezacheza mara nyingi havimo kwenye faili kabisa. Kwenye .cif tafuta kundi linaloitwa _pdbx_unobs_or_zero_occ_residues. Residyu isiyokuwemo haina migusano, lakini hilo halina maana kwamba kwenye mwili haigusi kitu.

Tatu, atomu zenye nafasi mbili. Mnyororo wa pembeni unaweza kuandikwa mara mbili, nafasi A na nafasi B, kila moja na sehemu yake ya ukaaji, yaani ni kwa kiasi gani atomu huwa hapo. Biopython huchukua yenye ukaaji mkubwa. Ukiandika msomaji wako mwenyewe na kusahau jambo hili, utakuta atomu zilizoachana Å 0.5, jambo lisilowezekana.

Nne, namba. Kwenye miundo, valini ya selimundu ni namba 6. Ripoti za kisasa za vinasaba huiita 7, kwa kuwa zinahesabu methionini ya mwanzo ambayo huondolewa protini ikishatengenezwa. Ni residyu ileile. Vilevile faili la .cif lina namba za aina mbili: za mwandishi wa muundo na za mpangilio wa hazina. Biopython hutumia za mwandishi usipoiambia vingine. Andika kwenye daftari lako umetumia zipi.

Programu

Atomu nzito za protini kwenye 4HHB ni 4,384. Kupima kila moja na kila nyingine ni jozi zaidi ya milioni 9.6. Hilo linawezekana, lakini NeighborSearch ya Biopython hupanga atomu kwa vyumba vya anga na kuuliza jirani tu, kwa hiyo kazi inaisha kwa sekunde chache. Hifadhi haya kama migusano.py:

```
from Bio.PDB import MMCIFParser, NeighborSearch

FAILI, KIKOMO, PENGO = "4HHB.cif", 4.5, 6

muundo = MMCIFParser(QUIET=True).get_structure("hb", FAILI)
atomu = [a for a in muundo[0].get_atoms()
         if a.element not in ("H", "D")
         and a.get_parent().id[0] == " "]
print(len(atomu))

def jina(r):
    return (r.get_parent().id, r.id[1], r.id[2], r.get_resname())

karibu = {}
for a, b in NeighborSearch(atomu).search_all(KIKOMO):
    n1, n2 = jina(a.get_parent()), jina(b.get_parent())
    if n1 == n2:
        continue
    if n1[0] == n2[0] and abs(n1[1] - n2[1]) < PENGO:
        continue
    if n1 > n2:
        a, b, n1, n2 = b, a, n2, n1
    d = float(a - b)
    if d < karibu.get((n1, n2), (99,))[0]:
        karibu[n1, n2] = (d, a.id, b.id)

for (n1, n2), (d, x, y) in sorted(karibu.items()):
    print(n1[0], n1[1], n1[3], x,
          n2[0], n2[1], n2[3], y, round(d, 2), sep=",")
```

Iendeshe kwa python migusano.py > matokeo.csv. Mstari wa kwanza ni idadi ya atomu. Usipoona 4384, rudi kwenye uchujaji kabla ya kutazama kingine.

PENGO ni umbali wa namba kwenye mnyororo. Residyu 50 na 51 zimeunganishwa kwa bondi, kwa hiyo ukaribu wao si habari. Kwenye heliksi, yaani kipande cha mnyororo kilichojisokota kama springi, residyu hushikana na ya nne mbele yake kwa bondi ya hidrojeni, na sehemu kubwa ya hemoglobini ni heliksi. Bila pengo, sehemu kubwa ya orodha itakuwa heliksi ikijigusa yenyewe. Pengo la 6 linaondoa hayo. Ukichunguza heliksi zenyewe, lishushe hadi 3 au 4. Kati ya minyororo tofauti pengo halitumiki hata kidogo: residyu 50 ya A na 51 ya B hazina undugu wowote wa namba. Kosa la kupuuza herufi ya mnyororo hapa hufuta migusano halali ya mpakani, nalo ni la kawaida mno.

Jibu unalolijua liwe mtihani wa programu

Kabla ya kuamini orodha, tafuta ndani yake migusano iliyokwisha kujulikana. Max Perutz, mtafiti wa muundo wa hemoglobini, alieleza mwaka 1970 madaraja ya chumvi yanayoifunga hemoglobini isiyo na oksijeni. Kwenye 4HHB unapaswa kuyakuta haya: Lys (lisini) 40 ya C na His (histidini) 146 ya B, Arg (arginini) 141 ya A na Asp (aspartati) 126 ya C, na ndani ya B yenyewe, Asp 94 na His 146. Mpakani pia Tyr (tairosini) 42 ya A inashikana na Asp 99 ya D. Kila moja ina pacha wake upande wa pili, kwa sababu molekuli ina ulinganifu.

Kipimo kingine cha haraka: hemoglobini ya binadamu ina sisteini sita na hakuna hata mbili zilizofungana kwa bondi ya disulfidi. Bondi hiyo ina urefu wa Å 2.05 hivi, SG hadi SG, yaani salfa hadi salfa. Ukiona umbali wowote chini ya Å 2.2 kwenye matokeo yako ya 4HHB, shuku kwanza kwamba kuna atomu zilizosomwa mara mbili.

Kuipa migusano majina

Orodha tupu haisemi nani anashika kwa nguvu ipi. Kwa hatua hii programu iliyo juu haitoshi, maana inabakiza jozi moja tu ya atomu zilizo karibu kabisa. Hifadhi jozi zote, kisha pitisha vigezo hivi:

- Bondi ya hidrojeni: nitrojeni au oksijeni na nyingine ya aina hiyo, moja ikiwa mtoaji na nyingine mpokeaji, Å 3.5 au chini.
- Daraja la chumvi: oksijeni za Asp au Glu (glutamati) na nitrojeni za mnyororo wa pembeni wa Lys au Arg, Å 4.0 au chini.
- Mgusano wa kukwepa maji: kaboni kwa kaboni za pembeni za residyu kama Val, Leu, Ile, Met na Phe, Å 4.5 au chini.

Sasa rudi kwenye Lys 40 na His 146. Ukiandika kigezo cha pili kama kilivyo, daraja hili litapotea, na sababu yake si umbali. His 146 ni residyu ya mwisho ya beta, na kinachoishika lisini si mnyororo wake wa pembeni bali kaboksili ya ncha ya mnyororo, yenye oksijeni mbili zinazoandikwa O na OXT. Ongeza ncha zote mbili za kila mnyororo kwenye kigezo: oksijeni za mwisho na nitrojeni ya mwanzo. Histidini nayo ina utata wake. Chaji yake hutegemea mazingira, na eksirei kwa kawaida haionyeshi hidrojeni, kwa hiyo iweke kwenye kundi la "pengine" na uikague kwa macho.

Asparajini (Asn) na glutamini zina mtego wa kimyakimya. Oksijeni na nitrojeni za pembeni mwao zinafanana mno kwenye ramani ya elektroni, na huenda aliyejenga muundo alizigeuza. Ukiona nitrojeni inatazamana na nitrojeni kwa Å 2.9, shuku hilo kwanza. Programu inayoitwa Reduce hukagua na kuzigeuza.

Ramani ya migusano

Weka namba za residyu kwenye mhimili wa ulalo na wa wima, kisha tia nukta kila penye mgusano. Kwa ramani hii pengo lishushe hadi 1. Heliksi huonekana kama mkanda mnene unaobana mshazari mkuu. Nyuzi za beta (vipande vya mnyororo vilivyonyooka vikalala ubavu kwa ubavu, si mnyororo wa beta) zinazokwenda pamoja hutoa mstari sambamba na mshazari. Zinazopishana huukata kwa pembe ya mraba. Kwenye hemoglobini hutaona mistari hiyo, bali nukta zilizotawanyika kwa vipindi vya tatu au nne, pale heliksi moja inapoegemea nyingine. Chora mnyororo mmoja kwa wakati. Minyororo minne kwenye ramani moja haisomeki.

Kulinganisha hali mbili

Sasa badilisha FAILI liwe 1HHO-assembly1.cif. Faili la kawaida la 1HHO lina mnyororo A na B tu, nusu ya hemoglobini, kwa kuwa nusu ya pili hupatikana kwa kuigeuza ya kwanza kufuata ulinganifu wa fuwele. Anayelitumia hilo ataandika kwamba oksijeni ikiingia migusano yote kati ya jozi mbili za alfa na beta inavunjika. Hesabu zake zitakuwa sahihi na jibu lake litakuwa upuuzi.

Kwenye faili la kusanyiko, yaani hilo la assembly lenye molekuli nzima, nakala huwa na jina lenye nyongeza, kama A-2. Chapisha majina ya minyororo ujiridhishe kwamba ni minne. Ukichukua kusanyiko la mtindo wa zamani, lenye mkia wa .pdb1, nakala imewekwa kama modeli ya pili, na muundo[0] itakupa nusu ileile uliyokuwa unaikimbia.

Kisha linganisha majina. Alfa A ina beta mbili jirani: moja imeshikana nayo kwa migusano mingi, nyingine kwa michache. Ile ya mingi iite mwenzi, ya michache mpaka, na ufanye hivyo kwa miundo yote miwili. Mpaka ndio unaoteleza oksijeni inapoingia. Kwenye 4HHB ulikuta Tyr 42 ya alfa na Asp 99 ya beta. Kwenye 1HHO jozi hiyo inaachana, na badala yake Asp 94 ya alfa inashikana na Asn 102 ya beta. Madaraja ya Perutz nayo yanafunguka.

Valini ya 6

Endesha 2HBS kwa kikomo cha Å 5. Faili hili lina molekuli mbili nzima za hemoglobini, minyororo A hadi D na E hadi H. Chuja mistari ambayo upande mmoja ni VAL 6 wa beta, yaani B, D, F au H, na upande wa pili ni mnyororo wa molekuli nyingine. Kinachotafutwa ni Phe (fenilalanini) 85 na Leu (lusini) 88 za beta ya jirani: kishimo kinachokwepa maji, ambamo valini huingia ikatulia. Glutamati yenye chaji isingekaa humo.

Utagundua kwamba si valini zote nne zimeingia kishimoni. Hilo si kosa. Katika uzi wa selimundu, yaani uzi unaojengwa na hemoglobini hizi zikishikana, kila molekuli hutumia valini moja tu kati ya mbili zake kwa mgusano huu, na baadhi ya migusano ya uzi iko kati ya molekuli ya kwenye faili na nakala yake ya jirani kwenye fuwele, ambayo haimo kwenye faili. Kuiona hiyo, fungua muundo kwa PyMOL, programu ya kutazama miundo, na uzalishe majirani kwa amri ya symexp, au tumia ChimeraX. Uwe mwangalifu kwenye protini nyingine, kwani majirani wa fuwele mara nyingi wamekutana maabara tu, na hawakutani mwilini. Hapa tuna bahati kwamba fuwele inafanana na uzi wenyewe.

Ukitumia miundo ya AlphaFold

AlphaFold hutabiri muundo kwa kompyuta badala ya kuupima. Programu ileile inafanya kazi, ila safu ya B, namba inayofuata kila atomu kwenye faili, imegeuka maana. Kwenye miundo ya eksirei namba kubwa ni dalili ya atomu inayochezacheza. Kwenye AlphaFold ni alama ya uhakika, 0 hadi 100, na kubwa ndiyo nzuri. Anayechuja "B kubwa" kwa mazoea hutupa sehemu bora na kubaki na tambi. Ondoa residyu zilizo chini ya 50, na zilizo kati ya 50 na 70 zitazame kwa shaka. Kwa mgusano kati ya sehemu mbili za protini, alama hiyo haitoshi: tazama jedwali la PAE, la makosa yanayotarajiwa. Kama kosa linalotarajiwa kati ya sehemu hizo ni Å 20, mgusano wa Å 4 uliouhesabu hauna uzito.

Unapoandika ripoti, taja msimbo wa muundo, kusanyiko au faili la kawaida, atomu zilizopimwa, kikomo, pengo, ulivyoshughulikia nafasi mbili na hemu, na aina ya namba. Ni mistari minne tu, na mwenzako wa Bugando au Bukoba anaweza kurudia hesabu yako akapata orodha ileile, mstari kwa mstari.